Kampeni ya Sare Kabla Shule Hazijafunguliwa: Kupanga Walengwa wa Dar es Salaam Hatua kwa Hatua

Kila Desemba, Mtaa wa Kongo na mitaa inayouzunguka pale Kariakoo hujaa wazazi walioshika karatasi ya mahitaji ya shule. Wanatafuta sketi ya bluu ya marinda, shati jeupe, sweta ya kijani, viatu vyeusi vya kamba. Mwenye duka la sare ana wiki kama sita za kufanya mauzo yatakayombeba miezi mingi, na ndani ya wiki hizo ndipo naona kosa lile lile likirudiwa. Anapiga picha shati lililotundikwa, anaiweka Facebook na Instagram, anabofya kitufe cha kukuza chapisho, anachagua "Dar es Salaam", umri 18 hadi 65, anaweka shilingi 50,000 na kusubiri. Fedha inaisha. Kilichobaki ni maswali ya "bei gani?" kutoka Bunju mpaka Chanika, na wengi wa waliouliza hawatakanyaga dukani.

Inaniuma, kwa sababu fedha hiyo hiyo ingeweza kuwafikia watu wachache walio tayari kununua. Kazi yangu ni kusimamia matangazo ya maduka madogo, na mwongozo huu nimeuandika kwa kufuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: duka la sare lenye fremu Kariakoo na tawi dogo Mbagala Rangi Tatu, linalouza rejareja kwa wazazi na jumla kwa wafanyabiashara wa mikoani. Programu kuu ni Meta Ads Manager, ile inayosimamia matangazo ya Facebook na Instagram, pamoja na WhatsApp Business na mfumo wa kutuma meseji nyingi kwa mkupuo. Google Ads, ile ya matangazo kwa watu wanaotafuta kwenye Google, nitaigusa pale inapobidi. Ukiwa unauza vipodozi au mabati, badilisha bidhaa, mpangilio ubaki.

Hatua ya 1: Fungua daftari kabla ya kufungua programu

Nilipokaa kwa mara ya kwanza na mama mwenye duka la aina hii, nilimuuliza: "Mama, waliokuja mwaka jana ni akina nani?" Akanijibu, "Mwanangu, wengine nawajua kwa sura, wengine wapo humu." Akanisogezea daftari la oda, lile la jalada gumu, limeandikwa majina, namba za simu, jina la shule, saizi na kiasi kilichobaki kulipwa. Daftari lile lilikuwa na thamani kuliko kigezo chochote ambacho programu ingetupa, maana kila mstari ni mtu aliyewahi kutoa fedha mfukoni kwa ajili ya sare.

Kaa nalo jioni mbili. Gawa watu kwa walichokifanya, kwani umri na jinsia havikuambii mengi kuhusu mzazi anayetafuta sare. Mimi hupata makundi manne.

Wa kwanza ni walionunua mwaka jana. Mtoto amekua, sketi imepanda juu ya magoti, na duka wanalijua. Hawa hawahitaji kushawishiwa, wanahitaji kukumbushwa mapema kabla saizi hazijaisha.

Wa pili ni walioulizia wakaishia hapo. Hawa wamejaa kwenye WhatsApp. Pitia mazungumzo yao uone walikwamia wapi: bei, saizi, au umbali. Aliyeandika "mbali sana, nipo Charambe" wakati tawi la Mbagala lilikuwa bado halijafunguliwa ni mteja anayekusubiri leo.

Wa tatu ni wa jumla, wanaobeba dazeni na kusafirisha Morogoro, Lindi au Mtwara. Wao hununua mapema kuliko wazazi, maana mzigo unapaswa kuwa umeshafika dukani kwao kabla wazazi wa huko hawajaanza kutafuta. Tangazo la Desemba kwao limechelewa.

Waliobaki ni wasiokujua kabisa. Kundi kubwa, ghali, na ndilo ambalo karibu kila mtu huanza nalo. Mimi huliweka mwisho.

Hatua ya 2: Hamisha daftari kwenye jedwali, na usafishe

Hapa ndipo kazi inachosha, na ndipo kampeni nyingi huharibika bila mtu kujua. Tengeneza jedwali kwenye Excel au Google Sheets lenye safu hizi: jina la kuitia, simu, eneo anakoishi, alichonunua, mwezi aliponunua, rejareja au jumla, na ruhusa. Safu hiyo ya mwisho nitaieleza.

Namba za simu zina mitego miwili. Ukiandika 0754 na kuendelea, jedwali hudhani ni hesabu na kuifuta sifuri ya mwanzo. Ukiandika kwa kuanza na 255, namba ndefu hiyo yaweza kugeuka kuwa kitu kama 2.55754E+11. Kabla hujaingiza hata namba moja, chagua safu nzima na uibadili iwe ya maandishi. Kisha andika zote kwa mtindo mmoja: 255 ikifuatwa na tarakimu tisa, bila nafasi, bila vistari. Jumla tarakimu 12. Namba yenye 11 au 13 imekosewa, irudishe kwenye daftari uihakiki. Halafu ondoa zilizojirudia, kwa sababu mzazi wa watoto watatu huandikwa mara tatu na hataki meseji tatu.

Jina nalo lina mtego wake, na huu ni wa kwetu. Mifumo mingi ya meseji hukata jina kwenye nafasi ya kwanza na kulichukua neno la mwanzo kuwa jina la mtu. Kwenye daftari la Dar es Salaam watu wameandikwa "Mama Neema", "Baba Kelvin", "Mwalimu Asha". Mfumo ukikata, mteja anapokea "Habari Mama," na jirani yake "Habari Baba,". Inasomeka kama barua ya mtu asiyekujua anayejifanya anakujua. Ndiyo maana nimesema safu iitwe jina la kuitia: andika humo lote, "Mama Neema", na ndani ya meseji uiite safu hiyo nzima.

Hatua ya 3: Ruhusa

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayoisimamia. Wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwenye Tume hiyo. Mteja anayo haki ya kukuambia uache kutumia taarifa zake kumtangazia biashara. Na unapopandisha orodha ya namba kwenye programu ambayo mitambo yake iko nje ya nchi, unasafirisha taarifa nje, jambo ambalo sheria imeliwekea masharti. Usome masharti hayo, au umuulize anayeyajua, kabla ya kupandisha.

Kwa vitendo ni rahisi kuliko inavyosikika. Unapoandika oda, muulize mteja: "Tukipata mzigo mpya tukutumie meseji?" Akisema ndiyo, andika ndiyo na tarehe kwenye safu ya ruhusa. Akisema hapana, usimweke. Waliopo tangu zamani bila kuulizwa, nafsi yangu hainiruhusu kuwapandisha popote. Wapigie au waulize wakija. Na jambo moja ninalolisisitiza sana kwa duka la sare: majina ya watoto, shule zao na madarasa yao yabaki kwenye daftari. Hayana kazi yoyote kwenye programu ya matangazo.

Orodha za kununua, zile zinazouzwa "namba 10,000 za Dar", achana nazo. Hakuna hata mmoja mle aliyekuomba umtafute.

Hatua ya 4: Akaunti iwe ya duka

Fupi lakini muhimu. Ukurasa, akaunti ya matangazo na kadi ya malipo viwe chini ya jina la biashara, na mwenye duka awe msimamizi mkuu. Kijana wa matangazo aongezwe kama mtumiaji mwenye majukumu yake, nywila asipewe. Nimeshaona duka likipoteza ukurasa wa miaka mingi kwa sababu aliyeufungua aliondoka na barua pepe yake.

Wakati wa kufungua akaunti, chagua saa za Afrika Mashariki na uamue kwa utulivu sarafu utakayotozwa. Google Ads haikuruhusu kubadili sarafu ya akaunti baadaye, utalazimika kufungua nyingine.

Hatua ya 5: Panda mti wa kampeni

Ads Manager ina ngazi tatu. Juu kuna kampeni, ambako unachagua lengo. Katikati kuna seti ya matangazo, ambako unaamua nani aone, wapi, lini na kwa fedha kiasi gani. Chini kuna tangazo lenyewe: picha, maneno, kitufe. Google Ads nayo ina ngazi zinazofanana na hizo, ila bajeti na eneo hukaa juu kwenye kampeni, na kundi la matangazo hubeba maneno ambayo watu huandika wanapotafuta.

Kwa duka letu, kampeni mbili zinatosha: REJAREJA na JUMLA. Malengo yao ni tofauti, majira yao ni tofauti, na mtu wa jumla akiona bei ya rejareja atakukimbia. Chini ya REJAREJA weka seti mbili, Kariakoo na Mbagala. Chini ya JUMLA weka seti moja.

Kishawishi kikubwa ni kugawa zaidi: seti ya akina mama, seti ya akina baba, seti ya shule za msingi, seti ya sekondari. Jizuie. Programu ya Meta inahitaji matokeo kama 50 kwa wiki katika kila seti ili ijifunze ni nani anayeitikia. Tuseme bajeti ni shilingi 10,000 kwa siku, yaani 70,000 kwa wiki, na kila mtu anayeanzisha mazungumzo anakugharimu 1,000. Una mazungumzo 70. Yakiwa kwenye seti moja, programu inashiba. Ukiyagawa kwenye seti tano, kila moja inapata 14 na hakuna inayojifunza. Hata seti mbili za rejareja kwa bajeti hiyo zinabana. Ninazikubali kwa sababu Kariakoo na Mbagala ni maduka mawili yenye wanunuzi tofauti kweli.

Majina ya kampeni yaandike kwa utaratibu mmoja, kwa mfano 2025-11_REJAREJA_MBAGALA_WHATSAPP: mwaka na mwezi, aina ya mteja, eneo, anakopelekwa. Mwaka ukipita utaipata kwa kutafuta neno moja. Kampeni iitwayo "Tangazo jipya 3" hakuna atakayeikumbuka. Kama una tovuti na unaweka alama za ufuatiliaji kwenye viungo, zile zinazoanza na utm, tumia herufi ndogo siku zote. Google Analytics huhesabu "Facebook" na "facebook" kama vyanzo viwili.

Hatua ya 6: Chora ramani kwa miguu ya mteja

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, waliosambaa kwenye wilaya za Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Kwa muuza sare huo si mji mmoja. Mzazi wa Tegeta ana kwake anakonunua, na wa Gongo la Mboto ana kwake. Swali la kujiuliza ni hili: mteja huyu akipanda usafiri asubuhi, anapita wapi?

Programu inakuruhusu kuchomeka pini na kuchora duara. Jaribu: weka pini Kariakoo, duara la kilomita 5. Utaona limemeza Upanga, Ilala, Keko na sehemu ya Magomeni, sawa. Lakini limevuka pia maji hadi Kigamboni, na kipande kikubwa ni bahari. Kwenye ramani, ng'ambo ya kivuko ni karibu. Kwa mzazi mwenye watoto wawili na foleni ya pantoni, ni safari. Upande huo uondoe kwa kuchomeka pini ya kutenga eneo.

Badala yake fuata njia. Mwendokasi wa Kimara, uliopo tangu 2016, unawaleta watu wa Ubungo, Manzese na Magomeni mpaka Kariakoo bila kubadili gari. Pini ndogo tatu au nne kando ya Barabara ya Morogoro huleta wateja kuliko duara moja kubwa la jiji.

Mbagala ina somo jingine. Ukichagua "Mkoa wa Dar es Salaam", unawaacha nje watu wa Vikindu na Mkuranga, kwa kuwa huko ni Mkoa wa Pwani, ilhali ndio hao wanaoshuka Rangi Tatu kununua. Mipaka ya mkoa mteja haijali. Kwa tawi hili tumia pini, ziteremke na Barabara ya Kilwa kuelekea kusini, ziongeze na Chamazi na Charambe.

Seti ya jumla ichaguliwe kwa mikoa unakopeleka mzigo kweli. Upande wa Google kuna mpangilio mmoja wa kuangalia: eneo linaweza kumaanisha watu waliopo pale, au pia wale wanaoonyesha kuvutiwa na eneo hilo. Kwa rejareja chagua waliopo tu. Kwa jumla, ukiwa umechagua na Dar es Salaam, acha yote mawili, kwani mfanyabiashara aliyeko Masasi anayetafuta "sare za jumla Kariakoo" ndiye unayemtaka.

Kuhusu lugha: andika tangazo kwa Kiswahili, lakini kigezo cha lugha ya mtumiaji kiache wazi. Watu wengi ninaowafahamu hapa mjini wanaongea Kiswahili kutwa nzima na simu zao ziko kwa Kiingereza. Ukichuja kwa Kiswahili unaweza kuwapoteza.

Hatua ya 7: Jenga hadhira, kisha uondoe wasiohusika

Sasa lile jedwali lililosafishwa linarudi. Kwenye sehemu ya hadhira za Ads Manager, tengeneza hadhira maalumu kwa kupandisha orodha ya waliotoa ruhusa. Programu huzigeuza namba kuwa msimbo usiosomeka kabla ya kuzilinganisha na watumiaji wake. Usishangae ikiwapata wachache kuliko uliowapandisha. Wengine wamejisajili Facebook kwa namba ya zamani.

Tengeneza na hadhira ya pili: waliogusa ukurasa wako wa Instagram au Facebook. Unaweza kurudi nyuma siku 365, na kwa sare mwaka mzima una maana, kwa sababu aliyekuandikia Desemba iliyopita anarudi Desemba hii.

Ipo na hadhira ya kufanana, ambapo programu inatafuta watu wanaofanana na wateja wako. Inahitaji angalau watu 100 wa nchi moja waliotambuliwa kutoka kwenye orodha yako, na kwa maoni yangu ukiwa na 100 tu bado mapema. Subiri orodha ikue. Na usichanganye wa jumla na rejareja katika orodha mama, maana utapata watu wasiofanana na yeyote.

Jambo ambalo wengi hawalifanyi kabisa ni kuondoa. Aliyekwisha kununua atolewe kwenye kampeni. Kila Jumatatu asubuhi chukua namba za walionunua wiki iliyopita na kutoa ruhusa, ziweke kwenye orodha iitwayo WAMENUNUA, na orodha hiyo iwekwe sehemu ya kutenga katika seti zote za rejareja. Vivyo hivyo, ukiwa na seti ya wateja wa zamani na nyingine ya wasiokujua, wateja wa zamani watengwe kwenye hiyo ya pili, ili seti hizo mbili zisigombanie mtu mmoja.

Tahadhari moja kuhusu umri na mapendeleo. Mpangilio wa Meta uitwao Advantage+ huchukua mengi ya unayoyachagua humo kama pendekezo tu, na inaweza kutoka nje yake ikiona kuna watu wanaoitikia. Eneo na umri wa chini kabisa ni miongoni mwa vinavyoshikiliwa. Kwa hiyo usipoteze saa nzima ukipanga mapendeleo. Ramani, orodha na maneno ya tangazo ndivyo vinavyochagua watu.

Hatua ya 8: Tangazo linalochuja lenyewe

Maneno "Sare za shule zinapatikana, karibuni" hayamchuji mtu. "Mbagala Rangi Tatu: sketi za marinda na mashati, saizi za awali mpaka kidato cha nne, tupo wazi hadi saa 2 usiku" yanamchuja. Wa Tegeta anapita bila kubofya na hujalipia mazungumzo yake. Weka bei. Najua wengi wanaogopa kuiweka, wakiamini mteja akiuliza ndipo utamshika. Mimi nimeona kinyume chake: bei iliyo wazi hupunguza maswali na kuacha wanunuzi.

Kitufe kielekee WhatsApp, na ujumbe wa kuanzia uuandike wewe, tofauti kwa kila seti. Mbagala: "Habari, nataka sare, nipo upande wa Mbagala." Jumla: "Habari, naomba bei ya dazeni." Hapo hapo unajua katoka tangazo gani, na unambandika lebo kwenye WhatsApp Business: Mbagala, Kariakoo, Jumla, Amelipa. Kwa anayekuja dukani moja kwa moja, tumia neno la kutaja. "Sema DAFTARI upewe soksi jozi moja." Kila anayelitaja, tia alama.

Hatua ya 9: Meseji kwa wateja wa zamani

Hawa usiwalipie tangazo kwanza. Watumie meseji. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast) hupokea watu 256 kwa orodha, na inawafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hiyo kwa wengi meseji ya kawaida ndiyo yenye uhakika.

Meseji moja hubeba herufi 160. Ukiweka emoji hata moja, uwezo unashuka hadi 70, na ujumbe uleule unaweza kuhesabiwa kuwa meseji tatu. Kuna adui mwingine asiyeonekana: alama ya king'ong'o. Ukiandika "nguo zing'aavyo" kwenye Word kisha ukanakili, kile kialama mara nyingi huwa kimepinda, na kilichopinda hakimo kwenye herufi za kawaida za meseji. Kifute ukiandike upya ndani ya mfumo wenyewe, kiwe kimenyooka. Kisha tazama kihesabio.

Mfano wenye herufi chini ya 160: "Habari Mama Neema. Sare za 2026 zimefika Kariakoo na Mbagala. Saizi kubwa zipo sasa. Oda yako tukuwekee? Jibu NDIYO. Kuacha meseji jibu ACHA." Aliyejibu ACHA, badili safu ya ruhusa siku hiyo hiyo.

Na saa. Nilipoanza kazi hii niliwahi kupanga meseji ziende saa mbili asubuhi, nikaandika 2:00. Zikatoka saa nane usiku. Asubuhi niliandika kuomba radhi mmoja mmoja, na hadi leo najisikia vibaya kwa waliodhani wamepigiwa habari ya msiba. Saa mbili asubuhi ni 08:00, saa mbili usiku ni 20:00. Kwenye kila kampeni sasa naandika pembeni saa kwa maneno, "saa moja na nusu jioni", na mtu wa pili anasoma kabla sijabofya tuma.

Hatua ya 10: Soma ripoti ukiwa na daftari mkononi

Siku tatu za mwanzo usiguse chochote isipokuwa kosa la wazi. Baada ya wiki, fungua ripoti. Tuseme kila seti imetumia 30,000. Kariakoo imeleta mazungumzo 40, Mbagala 20. Kwa macho ya programu Kariakoo imeshinda: 750 kwa mazungumzo dhidi ya 1,500. Fungua lebo ya Amelipa. Kariakoo wamelipa 4, Mbagala 8. Kila mauzo ya Kariakoo yamekula 7,500, ya Mbagala 3,750. Programu haijui haya, maana mauzo yalifanyika kwa simu na fedha taslimu. Bajeti iongeze Mbagala, kidogo kidogo, na muulize anayejibu WhatsApp ya Kariakoo wale 36 waliishia wapi. Huenda shida ni saizi iliyokwisha.

Tazama pia mtu mmoja ameliona tangazo mara ngapi kwa wastani. Idadi hiyo ikipanda huku mazungumzo yakipungua, watu wamelichoka, badilisha picha. Ukiwa na Google Ads, kumbuka inaweza kutumia hadi mara mbili ya bajeti yako kwa siku moja na kufidia siku nyingine, kwa hiyo usiache kwenye kadi fedha ya kodi ya fremu.

Kalenda yenyewe: jumla ianze Oktoba. Meseji kwa wateja wa zamani ziende mwisho wa Novemba, mshahara ukiwa umeingia. Uchaguzi wa kidato cha kwanza ukitangazwa Desemba, tangazo la sekondari liwe limeshaandikwa linasubiri kuwashwa tu, kwa sababu wazazi wale wanapata fomu ya kujiunga na wana siku chache. Wiki ya kwanza ya Januari weka nguvu kwenye seti za karibu na maduka. Aliyechelewa hataki kusafiri.

Shule zikishafunguliwa, zima kampeni zote, pakua ripoti, ihifadhi kwa jina lile lile la kampeni. Chukua daftari jipya la msimu, uingize namba za waliosema ndiyo kwenye jedwali wiki hiyo hiyo, wakati bado unakumbuka Mama Neema yupi ni wa Chamazi na yupi ni wa Keko. Kisha weka kumbusho kwenye simu: tarehe 1 Oktoba, saa tatu asubuhi, 09:00.